Kumbi za makanisa zifunguliwe kwa wasio na pa kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie watu wanaolala nje hapa Masasi, hasa msimu wa korosho unapokwisha na vijana waliokuja kutafuta vibarua wakabaki bila nauli. Juzi alfajiri, nikienda misa, nilimkuta mmoja barazani mwa duka karibu na stendi. Alikuwa ametandika gunia, ndala zake kaziweka chini ya kichwa. Waumini tulimpita. Nami nilimpita, na ibada nzima sikutulia.

Sisi Wakristo wa Masasi hatuna udhuru. Misheni hapa ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar, watu waliopotezewa kwao, wakapata mahali pa kujenga. Kanisa letu limeanza na watu wa namna hiyo, ambao leo tunawaita wazururaji! Na Yesu mwenyewe alisema mbweha wana mapango, bali yeye hana pa kulaza kichwa.

Napendekeza kila parokia ifungue ukumbi wake usiku, walau miezi ya mvua. Kumbi hizo hukaa na kufuli hadi Jumapili, na walinzi tunawalipa. Wazee wa kanisa wamtaarifu mwenyekiti wa mtaa na ofisa ustawi wa jamii, na anayetaka kurudi kwao achangiwe nauli. Mikeka miwili ya kuanzia nitaileta mimi.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara