Waajiri waseme wanachotaka, wahitimu waonyeshe walivyofikiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu vijana wanaohitimu masomo ya usanifu wa michoro, yaani ubunifu wa nembo, mabango na kurasa za vitabu, kisha wakakaa miezi mingi wakituma maombi yasiyojibiwa. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa miongoni mwa wanaosoma maombi hayo, hivyo nayafahamu makosa ya pande zote mbili, yakiwemo yangu mwenyewe.

Kosa la waajiri ndilo linalolalamikiwa zaidi, nalo ni la kweli. Tangazo humtafuta mbunifu anayeanza, na mstari wa pili wa tangazo hilohilo hudai uzoefu wa miaka 3. Mara nyingi aliyeliandika hana haja na miaka yenyewe. Anachoogopa ni kumkabidhi mgeni faili la kitabu, halafu kitabu kirudi kutoka kwa mchapaji kikiwa na ukingo mweupe kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuongeza zile milimita 3 za kukatia nje ya ukurasa, au picha zilizong'aa kwenye kioo cha kompyuta zije zimefifia karatasini kwa kuwa hazikugeuzwa kutoka rangi za mwanga kwenda rangi 4 za wino. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mambo kama hayo hufundishika kwa wiki chache, na kama mwajiri angeyataja kwa majina yake badala ya kuyafunika kwa neno "uzoefu", mhitimu angejua la kujiandaa nalo.

Historia ya fani yenyewe haikiungi mkono kipimo hicho cha miaka. Susan Kare, aliyechora alama ndogo za kwenye kioo cha kompyuta ya kwanza ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984, alikuwa amesomea sanaa na hakuwa na uzoefu wa kuchora kwa ajili ya kompyuta. Aliyemwita ni Andy Hertzfeld, rafiki yake wa tangu sekondari, aliyekuwa akiandika programu za mashine hiyo. Kare akanunua daftari la miraba na kuanza kuchora kwa kujaza mraba mmoja mmoja, kila mraba ukisimama mahali pa nukta moja ya kioo. Ni kweli kwamba alikuwa na mtu ndani, na sitaki kulificha hilo, kwa maana nafasi nyingi za kwanza hujazwa na watu wanaofahamiana kabla hazijafika gazetini. Mhitimu anayeona haya kuwaambia walimu wake, wenzake wa darasani na wachapaji kwamba anatafuta kazi anajinyima mwenyewe. Hata hivyo rafiki angeweza kumfikisha mlangoni tu. Lililobaki lilikuwa juu ya lile daftari.

Hapo ndipo ninapotaka kuwageukia vijana. Potifolio nyingi ninazoletewa, yaani ile mikusanyiko ya kazi anayoambatanisha mwombaji, zinafanana kiasi kwamba nikizichanganya sijui ipi ni ya nani. Kuna nembo ya kampuni ya kufikirika, ikabandikwa kwenye fulana, kwenye kadi na kwenye ukuta wa jengo. Kuna mabango yaliyojaa rangi. Kuna kurasa za programu ya simu ambayo haikuwahi kuwepo. Vyote vinapendeza. Sioni ni nani aliyekusudiwa kuvitumia, tatizo lilikuwa lipi, wala ni rasimu zipi zilizotupwa na kwa nini. Siku hizi programu hutoa picha ya kupendeza kwa sekunde chache baada ya kuandikiwa sentensi moja, kwa hiyo uzuri wa picha pekee unamwambia mwajiri machache kuliko ulivyomwambia zamani.

Nakumbuka mwombaji mmoja, binti aliyekuwa ametoka chuoni miezi michache tu, aliyeleta kazi 5 wakati wenzake walileta 20 na zaidi. Moja kati ya hizo ilikuwa fomu ya usajili ya kikundi cha watu anaowafahamu, karatasi ya kawaida kabisa ambayo wengi wasingethubutu kuiweka mbele ya msaili. Alikuwa amekaa kando ya watu wakiijaza, akaandika ni kwenye swali gani walikwama, mahali gani waliandika jina la baba kwenye nafasi ya tarehe, na wapi waliinua kichwa kuomba msaada. Kisha akaonyesha rasimu 3, akaeleza bila kusita kwamba ya pili ilikuwa nzuri zaidi kwa macho lakini iliwachanganya watu kuliko fomu ya awali. Usaili wote tulizungumza juu ya karatasi hiyo, na tukamwajiri.

Mimi sikuwa na akili hiyo. Kwenye usaili wangu wa kwanza nilipeleka kazi 24, nikaulizwa swali moja: kwa nini maandishi ya bango hili ni ya kijivu juu ya kijivu? Nilijibu kwamba inapendeza. Sikujua wakati huo kwamba usomekaji unaweza kupimwa. Leo WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za intaneti zitumiwe na watu wote, wakiwemo wasioona vizuri, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kazi sikuipata, na kwa haki.

Limebaki la zoezi la majaribio. Waajiri wengine humwagiza kila mwombaji atengeneze bango au nembo kamili ya mteja halisi, bila malipo, na wasioajiriwa hawaambiwi kazi zao zilikwenda wapi. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, akiwa bado mwanafunzi wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland, alichora alama ya Nike kwa dola 35 za Marekani. Kisa hicho husimuliwa kuonyesha jinsi kijana anavyopunjwa, na huenda alipunjwa, ingawa mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa. Kinachosahaulika ni kwamba kazi yake ilikuwa na ujira, dola 2 kwa saa, na dola hizo 35 ni sawa na saa 17 na nusu. Mhitimu wa leo anayeombwa kuchora usiku kucha bure hajafikia hata kiwango hicho.

Gazeti lako huchapisha matangazo ya kazi. Naomba wahusika wa ukurasa huo wamtake kila anayetangaza nafasi ya mbunifu anayeanza ataje kazi hasa atakazomkabidhi katika miezi 3 ya kwanza, na ikiwa kuna zoezi la majaribio, aseme litachukua saa ngapi na litalipwa kiasi gani. Mistari miwili inatosha. Tangazo la ofisi yetu litakuja kwenu mwezi ujao, na nitahakikisha linaletwa likiwa limejazwa hivyo.

Wasalaam,
Msomaji wako, mbunifu wa michoro