Viwanja vilivyotelekezwa Mbeya viwe misitu ya kujifunzia

Ndugu Mhariri,

Jiji la Mbeya lina mtaa unaoitwa Forest ya Zamani, lakini miti inayopandwa zaidi mjini ni mikaratusi, migrevilea na misindano. Miwili ya kwanza asili yake ni Australia, na msindano tuliouzoea ulitoka Meksiko. Wakati huohuo yapo maeneo ya umma yaliyolala tu: mashimo ya moramu yaliyokwisha kazi, viwanja vya wazi vilivyogeuka majalala, na kingo za mito ambako Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Tunaunga mkono kwa moyo wote wanaotaka maeneo hayo yawe misitu ya miti ya asili, ya wanafunzi na wananchi kuingia na kujifunza. Ila fedha zikiishia siku ya kupanda, hakuna msitu utakaoota.

Kosa la kwanza ni tarehe. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1, na kwa mikoa yenye masika ya Machi hadi Mei inafaa kabisa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mche uliopandwa hapa Aprili hunywa wiki chache tu, kisha huingia kwenye baridi ya Juni na Julai, halafu jua na upepo mkavu hadi Oktoba, mizizi ikiwa bado haijatoka nje ya udongo wa kiriba, yaani mfuko wa kukuzia mche. Kwetu tupande kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Januari. Chimba sentimita 30, chukua udongo wa chini uufinye: ukishikamana mkononi, ardhi imelowa vya kutosha.

Kwa hiyo kitalu kianze mwaka mmoja kabla, na hapo ndipo kazi ya kitaalamu ilipo. Mbegu za mvengi, mti wa sehemu zenye maji, hazihifadhiki. Zioshwe nyama ya tunda, zisianikwe juani, zipandwe ndani ya siku chache. Prunus africana, mti ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume, nao mbegu zake hufa upesi zikikaushwa. Mbegu mbichi za mkenge huota bila matibabu yoyote. Zikikaa sana, ziloweke usiku kucha kwenye maji baridi. Podo huchelewa kuota, na wengi humwaga udongo wa kitalu wakidhani mbegu zimeoza. Mkusu ukiukuza kwenye udongo wa kawaida hudumaa na kuwa manjano, kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na kuvu. Changanya udongo kidogo uliotoka chini ya mti mama, wenye kuvu hiyo. Njia nyingine ni maotea, yaani miche iliyojiotea msituni. Kwa kibali cha mwenye msitu, ng'oa baada ya mvua ikiwa na majani mawili hadi manne, funga kwenye maganda ya mgomba yaliyolowa, na siku hiyohiyo itie kwenye viriba kivulini.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2 inahitaji miche kama 1,000; kuzeni 1,300, maana mingine itakufa. Njia ya mtaalamu wa mimea wa Japani, Akira Miyawaki, hupanda miche mitatu au zaidi kila mita ya mraba. Kwa ekari nzima hiyo ni zaidi ya 12,000, mzigo ambao mtaa hauuwezi, lakini kona ya mita za mraba 200 karibu na shule inawezekana kwa miche 600. Katika ile 1,000, karibu 600 iwe ya kukua haraka, kama mpesi na mwiza, ili kivuli kiue nyasi. Iliyobaki iwe podo, Prunus na msesewe, na mivengi sehemu zenye maji. Mdobore tuuache kwenye ukanda wake wa juu milimani.

Ardhi iliyokanyagwa na magari ipimwe kwanza: chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji jioni. Yakiwa bado yamo asubuhi, mizizi itaoza, na inabidi kuvunja tabaka gumu kwa sururu. Visiki vya mikaratusi vitachipua tena na tena. Chuna gome hadi usawa wa ardhi na kata machipukizi kila yanapotokea. Siku ya kupanda, simamia jambo moja kuliko yote: kiriba kitolewe. Kikitoka, geuza bonge la udongo utazame chini. Mzizi mkuu uliojizungusha kama kamba kwenye ndoo ukatwe kwa kisu kikali, la sivyo mti utaendelea kujizungusha na kuangushwa na upepo miaka kadhaa baadaye.

Baada ya hapo ni palizi kwa miaka mitatu. Duara la nusu mita kuzunguka kila mche, mara tatu mwaka wa kwanza, na matandazo yasiguse shina kwa sababu ya mchwa na kuoza. Uzio wa kuzuia mbuzi, na barabara ya kuzuia moto iliyofyekwa kabla ya Julai. Mwaka wa tatu kuna kosa linaloumiza sana: ndege wanaokula matunda ya mpesi na mwiza huleta mbegu za miti mingine, na mfyekaji asiyefundishwa huifyeka miche hiyo akidhani ni magugu.

Kwa elimu, kila aina ya mti iwe na kibao chenye jina la Kiswahili, la kisayansi na la Kisafwa au Kinyakyusa. Kibao kisimame kwenye nguzo yake. Waya uliofungwa kwenye shina huzama ndani ya gome na kuunyonga mti. Wanafunzi wapime mzingo wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kila Machi, na waandike mwezi wa kuchanua na wa kuzaa. Daftari hilo ndilo litakalowaambia wakuza miche lini wakusanye mbegu.

Eneo lipimwe na kuwekewa mawe ya mipaka kabla ya mche wa kwanza, kisha litangazwe kuwa hifadhi chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ili miti ikishakua asitokee mtu na hati ya kiwanja. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Tunaomba mafungu ya kitalu, uzio, mlinzi na palizi ya miaka mitatu yaingizwe kwenye bajeti ijayo, hata kama fedha za siku ya kupanda zitapungua.

Wakuza miche ya asili,
Mbeya