Risala ya Waandishi wa Habari wa Kujitegemea kwa Mkuu wa Wilaya, wakati wa kufunga mafunzo ya habari za vijijini kwa video

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, watendaji wa kata na vijiji, wahariri, wanahabari wenzetu: tunakushukuru kwa kukubali kutufungia mafunzo haya.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwandishi wa kujitegemea hana mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotumika. Nauli ya bodaboda, bando na siku aliyoshinda kijijini ni juu yake. Ndiyo maana habari nyingi za wilayani ni za uzinduzi na semina, ambako usafiri upo na picha zinapatikana kwa saa moja. Habari ya kijijini inadai zaidi, na tunaomba tuieleze kwa mfano wa kilula kimoja, yaani kituo cha bomba cha kuchotea maji.

Safari ya kwanza haina kamera. Mwandishi hujitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha huwahi kilulani alfajiri foleni inapoanza, akapime. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja, kilula kinatoa lita 1,200 kwa saa; ikichukua dakika tatu, ni lita 400 tu. Kauli kwamba "maji ni shida" haimbani mtu. Lita 400, zikisomwa pamoja na kiwango kilichoandikwa kwenye taarifa ya makabidhiano ya mradi, zinamtaka mhandisi aseme kama bomba limepasuka, paneli za jua zimejaa vumbi, au maji ya kisima yameshuka. Lazima pia kuona daftari la Jumuiya ya Watumia Maji, maana pampu inaweza kukaa bila matengenezo wakati fedha za ndoo zinakusanywa kila siku.

Safari ya pili ndiyo ya video, na kinachoiharibu zaidi ni sauti. Simu iliyowekwa hatua tatu kutoka kwa msemaji hunasa upepo na jenereta. Kipaza sauti cha kubana shatini, chenye sponji, kikae shibiri moja chini ya kidevu, kisiguse kanga wala mkufu, na mpiga picha avae visikilizio tangu mwanzo. Kama kipaza sauti hakiingii kwenye simu ya kamera, simu ya pili irekodi sauti mfukoni mwa msemaji. Kofi moja la mikono mbele ya kamera litasaidia kuoanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Simu zote ziwe katika hali ya ndegeni, kwa kuwa simu ikiingia inaweza kukata rekodi katikati ya jibu ambalo halitarudiwa vilevile.

Jua lisiwe nyuma ya msemaji. Uso utakuwa mweusi. Ofisini, chini ya taa, fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50 huzuia mistari ya kumeta, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Picha za nyongeza, kama mita, mikono na ndoo, zichukuliwe sekunde 10 kila moja bila kutikisa. Kabla ya kuondoka kijijini, nakala iwe kwenye vifaa viwili.

Kuhusu ridhaa hatuna mzaha. Anayeilalamikia kamati ataendelea kuishi na kamati hiyo, na video hubaki kwenye simu za watu kwa miaka. Aambiwe mapema itarushwa wapi, na akitaka uso ufichwe, ufichwe. Kilulani watoto ni wengi. Pasipo idhini ya mzazi, wapigwe picha kutoka nyuma, nyuso zisionekane. Aliyehojiwa kwa Kigogo, tafsiri yake ikaguliwe na wazungumzaji wawili.

Mheshimiwa, safari ya tatu ni ya ofisini kwako, na hapo ndipo habari nyingi hufia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu. Kwa mkataba mrefu ni sawa. Kwa taarifa ya makabidhiano yenye kurasa chache iliyomo kabatini, tunaomba nakala itolewe siku hiyohiyo. Tunaomba pia ratiba ya mikutano mikuu ya vijiji ibandikwe mapema kwenye mbao za matangazo za kata, na kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari kitoshe bila kudaiwa barua ya mhariri.

Hatuombi posho, wala nafasi kwenye gari la halmashauri. Mwananchi akituona tunashuka humo, hutujibu kama anavyomjibu ofisa.

Kwa wahariri mliopo: lipeni nauli kabla ya safari, na lipeni habari mliyoiagiza hata isiporushwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.