Ripozitori ianze tupu, bando lisiteketee bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie vijana wa Mwanga, Ujiji na Kigoma yote wanaoandika programu kwa intaneti ya bando la simu. Programu inakamilika vizuri, lakini siku ya kuiingiza kwenye ripozitori ya Git (ghala la mradi, ambamo programu ya Git hutunza mafaili na historia ya mabadiliko yake) kazi inakwama.

Mara nyingi chanzo ni README, faili la maelezo ya mradi. Ukifungua ripozitori mpya GitHub, tovuti inayohifadhi ripozitori za Git, unaulizwa kama uwekewe faili hilo. Kama mradi tayari uko kwenye kompyuta yako, kataa, na leseni pia kataa. Ukikubali, seva inaanza historia yake wakati mashine yako ina ya kwake, na hizo mbili hazina asili moja. Ukipandisha kazi yako kwenye seva (git push), unakataliwa. Aliyekwisha kunasa hapo aandike mara moja tu:

git pull --no-rebase origin main --allow-unrelated-histories

Mafaili yakigongana, ayarekebishe, afanye komiti (yaani aweke mabadiliko kwenye historia kwa git commit), ndipo apandishe. Asikimbilie git push --force. Amri hiyo inafuta kilichoko kwenye tawi la seva (tawi ni mstari wa historia ya kazi, kama main), na kama mwenzake alishaweka kazi pale, inakwenda na maji.

Ukiambiwa «src refspec main does not match any», usiilaumu mitandao ya simu. Ama hujafanya komiti hata moja, ama tawi lako linaitwa master. Tazama kwa git status: kama komiti haipo, ifanye; kama tawi ni master, libadilishe jina kwa git branch -M main.

Linaloniuma zaidi ni mafaili makubwa. GitHub haipokei faili linalozidi megabaiti 100, na kukataliwa kunakuja baada ya mzigo wote kupanda, yaani bando limeshaliwa. Kijana analifuta faili, anafanya komiti ya pili, anapandisha tena, anakataliwa tena, kwa sababu komiti ya kwanza bado inalo. Kama komiti ni moja tu, atoe faili kwa git rm --cached likifuatiwa na jina lake, kisha git commit --amend. Zikiwa nyingi na hakuna kilichopanda, ni nafuu kufuta folda ya .git inayotunza historia (ile tu, si mradi!) na kuanza upya kwa git init.

Faili la .gitignore, yaani orodha ya vitu ambavyo Git iviache, liandikwe kabla ya git add ya kwanza (amri ya kuchagua mafaili ya kuingiza), ndani yake kukiwa na node_modules/ (folda ya vifurushi vilivyopakuliwa), .env (faili la mipangilio ya siri) na video. Likiandikwa baadaye haliondoi kilichokwisha kuingia. Na kama .env yenye nywila za hifadhidata imeshapanda, badilisha nywila hizo leo hii. Kulifuta faili hakutoshi, historia inalo.

Walimu wa kompyuta katika vyuo vya mkoa wetu, nawasihi: mnapompa mwanafunzi mradi wa kwanza, mpeni na .gitignore yake.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma