Vifaa vya maabara visiachwe bubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisikitisha kila niingiapo maabara. Vifaa vinavyoweza kuwasiliana na kompyuta vimeachwa bubu, huku mtafiti akikesha mbele yake akinakili tarakimu kwa kalamu, na vingine vinatupwa kwa madai kwamba vimepitwa na wakati.

Uwezo huo haukuanza jana. Kampuni ya Hewlett-Packard ilibuni njia ya kuunganisha vifaa vyake vya kupimia mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 njia hiyo ikawa kiwango rasmi cha kiufundi kiitwacho IEEE 488, ambacho wengi wetu tunakiita GPIB. Kebo yake nene yenye pini 24 huwezesha vifaa visivyozidi 15, kompyuta ikiwemo, kupokezana ujumbe. Multimita (kifaa cha kupimia umeme) ya miaka ya 1980 yenye tundu hilo mgongoni, ikipatiwa adapta ya USB, hutii amri za kompyuta ya leo. Vifaa vilivyotengenezwa kwa kufuata SCPI, lugha ya amri za vifaa vya kupimia iliyotolewa mwaka 1990, ni vyepesi zaidi: ukikipelekea kifaa amri ya *IDN? kitajibu kwa kutaja mtengenezaji, modeli, namba yake na toleo la programu iliyomo.

Sikatai kwamba usumbufu upo, hasa kwa mizani na vifaa vingine vya RS-232 (njia ya zamani ya kebo inayotuma biti moja baada ya nyingine), ambavyo havisikilizani na kompyuta mpaka kasi, idadi ya biti na alama ya kumaliza ujumbe zilingane pande zote mbili. Niliwahi kupoteza siku mbili nikiamini mizani imekufa, kumbe kwenye kebo niliyotumia waya wa kutuma ulikuwa umekutana na waya wa kutuma badala ya wa kupokea.

Linalonitia hofu ni haraka ya kuviweka vifaa hivi moja kwa moja kwenye intaneti ili viendeshwe kutoka mbali. Vingi havidai nywila, kwa hiyo yeyote anayeifikia anwani ya kifaa anaweza kupandisha volti au kuwasha tanuri. Viwekwe kwenye mtandao wa ndani, na anayetoka nje apitie VPN, yaani njia ya siri inayomwingiza kwenye mtandao huo kupitia intaneti. Kikomo cha joto nacho kiwe kwenye tanuri lenyewe, kisitegemee programu, kwa sababu mawasiliano yakikatika amri ya kuzima haifiki.

Nawaomba wakuu wa maabara wakague mgongo wa kila kifaa kabla ya kukitupa, na wanapoagiza kipya wadai kitabu cha amri zake kabla ya kulipa. Kitabu hicho kikabidhiwe fundi na wanafunzi wakitumie, maana nimekwisha kuona vitabu vingi vikitupwa pamoja na maboksi siku ileile kifaa kilipofunguliwa.

Wako mwaminifu,
Fundi Sanifu wa Maabara