Tusihesabu nondo tu, tutazame zimekaa wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nondo ndani ya zege, ambazo wengi wetu huzipima kwa wingi wake na kusahau mahali zilipolazwa. Mwenye jengo akishahesabu nondo zikatimia huridhika, ilhali nondo hizohizo zikiwa upande usiofaa karibu hazimsaidii kitu.

Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa hukatika mapema, kwa kuwa nguvu yake dhidi ya mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake dhidi ya mgandamizo. Boriti iliyoegemea nguzo mbili ikilemewa, hupinda kuelekea chini, upande wake wa juu ukagandamizwa na wa chini ukavutwa. Ndiyo maana nondo kuu hulazwa chini. Roshani inayochomoza ukutani ni kinyume chake: mvuto uko juu, na nondo sharti ziwe juu.

Chukua slabu ya roshani yenye unene wa milimita 150, ambayo nondo zake zimepangwa milimita 120 kutoka uso wa chini. Siku ya kumwaga zege, vibarua wanapita na toroli juu ya nondo zisizo na viegemeo imara, nazo zinadidimia milimita 40. Hakuna nondo iliyoibwa, na zege ni lilelile, ila uwezo wa slabu kuhimili kupinda umepungua kwa karibu theluthi moja, na zege likishakaza hakuna jicho litakaloliona kosa hilo.

Ringi, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo kuu kuzifunga pamoja, nazo hudharauliwa, pengine kwa wembamba wake, ingawa ndizo zinazozuia nondo za nguzo zisibetuke nje na boriti isipasuke mshazari karibu na nguzo zinazoibeba.

Wapo pia wanaoshindilia nondo kupita kiasi wakidhani wanajihami. Boriti ya namna hiyo ikizidiwa, zege hupondeka kabla chuma hakijaanza kunyumbuka, ikaanguka ghafla. Yenye nondo za kiasi hupinda na kuonyesha nyufa kwanza, watu wakapata muda wa kutoka.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wafike na futi mkononi kabla zege halijamwagwa, wapime kina cha nondo, kisha wabaki palepale hadi toroli la mwisho.

Wako,
Mhandisi wa ujenzi