Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Mjadala cha Wanafunzi, Lamu

Mwalimu mlezi, wanakamati na wanachama wenzangu, asalaam alaykum.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Tulifanya mijadala 9, mada kuu ikiwa israfu: sare za harusi, kamari na mikopo ya simu, taka za plastiki. Tulikumbushana kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na kwamba jahazi la Flipflopi liliundwa papa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara zipatazo 30,000, likafika Unguja mwaka 2019. Mjadala wa sare ndio ulionigusa zaidi. Dada mmoja alisema ana sare tano sandukuni, kila moja kaivaa usiku mmoja tu, na mamake angali analipa deni la mbili. Ukumbi mzima ulinyamaza.

Sasa suala la fulana. Nimesemwa sana, barazani na kwenye kundi letu la WhatsApp, kwamba nimekula pesa za watu. Si kweli. Wanachama 46 walitoa shilingi 400 kila mmoja, jumla 18,400, za fulana za sherehe ya mwaka. Kamati ilipopiga kura ilikuwa 3 kwa 3, na kura yangu ndiyo iliyokata shauri kwamba zisinunuliwe. Tukanunua cherehani iliyotumika kwa 14,000, fundi akalipwa 3,000 atufunze kutia viraka na kubadilisha zipu, na 1,400 zilizobaki ziko kwa mtunza hazina. Risiti zipo. Tungewezaje kuisema israfu mwaka mzima, kisha tununue fulana ya siku moja? Cherehani hiyo niliibeba mwenyewe begani kutoka gatini. Mpaka leo imeshona nguo 31 za shule, nyingine za hao hao wanaonilaumu. Kosa langu ni moja, nalo nalikiri: pesa zilitolewa kwa jambo jingine, na ilinipasa niwaite nyote kabla ya kuzigusa. Anayetaka 400 zake ajiandikishe kwa mtunza hazina. Atarudishiwa ada zikiingia.

Na ada zenyewe haziingii. Tuko 64, ada ni shilingi 200 kwa mwaka. Waliolipa ni 27, yaani 5,400, na 7,400 hazijaonekana. Kuna waliobadilisha simu mwaka huu, na hizo 200 hawajatoa. Mjadala wa kwanza walikuja 52, wa mwisho 11. Siku ya biriani walikuja 60. Jambo hili linaniuma, maana viti nilivipanga mimi, na kuviondoa nikaviondoa mimi.

Mwaka ujao, inshallah, tunatumai kuwazuru wanafunzi wenzetu wa Malindi, na akipatikana mfadhili, kupata cherehani ya pili.

Mafunzo yanaendelea kila Jumamosi baada ya alasiri. Njooni na nguo zenu, na uzi pia, kwani wa chama umekwisha.